Seva Imelala? Iamshe: Kazi Tisa, Kuanzia Mkiani

Ingia kwenye seva ya ofisi usiku wa manane, andika `top`, kisha utazame namba iliyo jirani na herufi "id". Mara nyingi utakuta tisini na kitu. Hiyo ndiyo asilimia ya muda ambao prosesa haina la kufanya. Feni zinavuma, kiyoyozi kinapuliza, mita ya umeme inahesabu, na mashine imekaa kitako inasubiri kuche watu waje wachapishe barua. Mshahara inakula wote, bosi, na kazi hujaipa!

Kazi zipo. Tangu miaka ya tisini wanasayansi wamekuwa wakikata hesabu zao kubwa vipande vidogo vidogo na kuvigawa kwa intaneti kwa yeyote mwenye kompyuta inayopumzika. Mashine inapokea kipande, inapiga hesabu, inarudisha jibu, inaomba kingine. Hulipwi, na wewe hulipi zaidi ya umeme na intaneti. Nimezipanga kazi tisa, kuanzia ile ninayoipenda kidogo hadi ile ninayoitamani kuliko zote. Mwenye mpangilio mwingine aulete tubishane. Huu wangu nitausimamia.

9. Ufunguo wa RC5-72: hodi hodi tangu 2002

Kundi la distributed.net lilianza mwaka 1997, likaingia kwenye shindano la kampuni ya RSA: huu hapa ujumbe uliofungwa kwa siri, aufungue anayeweza. Njia ni moja tu, kujaribu funguo zote, mmoja baada ya mwingine. Ufunguo wa biti 56 ulipatikana Oktoba mwaka huo huo. Wa biti 64 uliwachukua siku 1,757, ukapatikana 2002. Desemba ya mwaka huo wakauanza wa biti 72, na mpaka leo wanabisha hodi. Kila biti inayoongezeka huzidisha kazi mara mbili, kwa hiyo biti nane ni mara 256. RSA wenyewe walilifunga shindano mwaka 2007. Wabisha hodi hawakuondoka mlangoni. Nawavulia kofia kwa moyo wao. Lakini hoja iliyowatoa nyumbani, kwamba ufunguo mfupi hauna usalama, walikwishaithibitisha zamani, na seva yako ina mahali pazuri zaidi pa kwenda.

Hapa ndipo pa kusimulia habari ya fundi mmoja wa kompyuta katika chuo cha ufundi huko Georgia, Marekani. Mwaka 1999 aliweka programu hii ya ufunguo kwenye kompyuta za chuo bila kuomba ruhusa. Jimbo likamfungulia mashtaka ya jinai. Mwaka 2002 kesi ikaisha kwa makubaliano: mwaka mmoja chini ya uangalizi, fidia ya dola 2,100 na saa 80 za kazi za jamii. Haya, kaka, dada, seva ya mwajiri ina mwenyewe. Omba ruhusa, na uiombe kwa maandishi, ukieleza programu gani, kwa kiasi gani, na umeme utaongezeka kadiri gani. Bosi akikataa, amekataa. Tafuta mashine yako mwenyewe, hata ile kuukuu iliyo chini ya meza.

8. SETI@home: shikamoo, mzee

Umechelewa. SETI@home ilifunguliwa 17 Mei 1999 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na iliacha kugawa kazi mpya 31 Machi 2020. Naiweka hapa kwa heshima, kwa sababu ndiyo iliyowafundisha mamilioni ya watu kwamba kompyuta ya sebuleni inaweza kushika kipande cha sayansi. Darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, ilirekodi mawimbi ya angani kwenye kanda, na kanda zikatumwa Berkeley kwa posta, kwa kuwa intaneti ya siku zile isingebeba mzigo ule. Huko zikakatwa vipande vya sekunde 107. Kila mtu alipewa sekunde zake azisikilize, huenda humo kuna anayetusalimu kutoka mbali. Salamu haikupatikana. Kilichopatikana ni ujuzi wa kugawa kazi kwa watu usiowajua na kuyaamini majibu yao, na kutoka humo likazaliwa jambo tutakalolikuta kwenye namba tano.

7. GIMPS: namba ndefu, jasho jingi

Chukua 2, uizidishe kwa yenyewe mara nyingi, kisha toa 1. Mara chache sana, jibu ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa yenyewe na kwa moja. George Woltman alianzisha msako huu mwaka 1996, na namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana leo imetoka hapa: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Ukiichapa kwa tarakimu 3,000 kila ukurasa, unapata kurasa zaidi ya 13,000, na hakuna mhariri atakayeikubali.

Wapenzi wa seva, hii ni sherehe yetu. Luke Durant, aliyeipata Oktoba 2024, alikuwa amekodi nguvu za kadi za grafiki kwenye vituo vya data vya nchi nyingi. Seva ya Dublin ndiyo iliyoinusa kwanza, na kesho yake ya San Antonio, Texas, ikathibitisha. Na kabla yake kuna kisa cha Curtis Cooper wa Chuo Kikuu cha Central Missouri. Kompyuta mojawapo ya chuo hicho iliipata namba tasa ya tarakimu 22,338,618 mwezi Septemba 2015, lakini taarifa ya barua pepe haikutoka. Jibu likakaa pale hadi Januari 2016, lilipoonekana wakati wa ukaguzi wa kawaida. Rekodi ya dunia ilikaa miezi mitatu na zaidi bila mtu kuipigia makofi! Kwa hiyo ukishaiwasha, jenga tabia ya kuichungulia.

Kwa nini basi iko namba saba? Joto. Programu ya msako huu, Prime95, huibana prosesa kisawasawa, hata mafundi wanaitumia kupimia kama mashine mpya inahimili. Mwaka 2016 iliibua kasoro halisi katika prosesa za Intel za kizazi cha Skylake. Mashine inayobanwa hivyo Dar es Salaam mwezi Januari itataka kiyoyozi kizima na feni zisizo na vumbi. Na umeme, tufanye hesabu pamoja. Tuseme seva inapofanya kazi inaongeza wati 150 juu ya zile ilizokuwa inakula ikiwa imekaa. Kwa saa 24 ni yuniti 3.6, kwa siku 30 ni yuniti 108. Zidisha kwa bei ya yuniti unayolipa kwenye LUKU, ndipo uamue unatoa sadaka ya kiasi gani. Ni sadaka, na sadaka hutolewa kwa kujua. Mimi naona nusu ya viini vya prosesa inatosha sana, na kifuniko cha seva kifunguliwe kipulizwe vumbi kabla ya yote.

6. Arobaini na mbili

Fupi hii. Kwa miaka mingi wanahesabu waliuliza: je, 42 ni jumla ya namba kamili tatu, kila moja ikiwa imepandishwa kipeo cha tatu? Septemba 2019 Andrew Booker wa Bristol na Andrew Sutherland wa MIT walitoa jibu kwa msaada wa kompyuta za watu wa kawaida zilizounganishwa na Charity Engine. Saa za hesabu zilizotumika zilizidi milioni moja. Jibu ni ndiyo, na kila moja ya namba hizo tatu ina tarakimu 17. Jaribu kumweleza mhasibu wa ofisi faida yake. Mimi nasema faida ni kwamba jana hatukujua na leo tunajua, nami nipo tayari kulisema hilo mbele ya mhasibu yeyote.

5. Einstein@Home: nyota imekuja mpaka kwenye kebo yako

Sasa tunaingia kwenye seva yenyewe. Baada ya SETI@home, David Anderson wa Berkeley alianza mwaka 2002 kuunda BOINC, programu huria inayoweza kubeba mradi wowote wa aina hii. Unaiweka mara moja, kisha unachagua mradi. Kwenye Debian au Ubuntu ni pakiti moja, `boinc-client`. Haihitaji skrini wala kipanya, inajiwasha yenyewe seva inapowaka, na unaiamrisha kwa `boinccmd`. Inasikiliza kwenye mlango 31416. Aliyeuchagua alikuwa na pai ya hesabu kichwani, namsalimu popote alipo. Mlango huo uufunge kwa walio nje. Hauna sababu ya kuonekana intaneti nzima.

Kazi za BOINC hupewa kipaumbele cha chini kabisa, hivyo kazi ya ofisi ikija inapishwa. Usitegemee hilo peke yake. Kumbukumbu ya mashine ni ile ile moja, na hifadhidata ya mishahara ikikosa nafasi utaitwa Jumamosi, tena kwa sauti kubwa. Weka mipaka mitatu: idadi ya viini vya prosesa, kiasi cha kumbukumbu, na sharti kwamba isimame kazi nyingine zikipita kiwango fulani, robo kwa mfano. Na kama seva ni ya kukodi, soma mkataba kwanza; wakodishaji wengi hawataki prosesa ishughulike mchana kutwa na usiku kucha, kwa sababu chumba kile mnakaa wengi.

Baada ya hapo, jiunge na Einstein@Home. Ilianza Februari 2005, ikichambua data za vigunduzi vya LIGO kutafuta mawimbi ya mvutano, na baadaye ikaongeza data za darubini za redio. Mwaka 2010 ikapata pulsa, nyota iliyokufa inayojizungusha kwa kasi, ambayo hakuna aliyekuwa ameiona: PSR J2007+2722. Inajizungusha takriban mara 41 kwa sekunde. Kabla hujamaliza kusoma mstari huu, imekwisha kuzunguka mara mia na ushee.

Aliyeiona ni nani? Kompyuta ya mume na mke wa mji wa Ames, Iowa, na kompyuta nyingine ya Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani. Mbili, kwa sababu kipande hicho kilitumwa kwa mashine mbili za watu wasiojuana, kisha majibu yakalinganishwa. Ndivyo mradi unavyojikinga na mashine mbovu, kumbukumbu iliyochoka na mtu mwenye tamaa ya kupata bure pointi wanazopewa washiriki. Majibu yakifanana, yanapokelewa. Yakipishana, kipande kinatumwa kwa wa tatu aamue. Nalipenda sana hili. Mashine ya Mbagala na mashine ya Mainz zinapewa swali moja, na hakuna anayeuliza ipi ni ya nani.

4. Climateprediction.net: kazi ya wasiozimwa

Laptopu, kaa pembeni, hapa pana kazi ya seva. Mradi huu wa Oxford ulifunguliwa kwa umma mwaka 2003, na kipande chake kimoja kinaweza kuendelea siku nyingi mfululizo kikiendesha hali ya hewa ya dunia bandia, saa baada ya saa ya dunia hiyo, mwaka baada ya mwaka. Hamu ya mradi ni kuendesha dunia nyingi zinazotofautiana kidogo, ili ijulikane utabiri gani unasimama na upi unayumba. Mashine inayozimwa kila jioni itachelewa. Inayowaka mwaka mzima imefika nyumbani.

Mwaka 2006 waliungana na BBC, watu wakajiunga kwa wingi, na baada ya miezi michache ikagundulika faili moja ya vumbi la salfeti angani ilikuwa na kosa. Dunia zote zikarudishwa mwanzo, mwaka 1920. Walilitangaza kosa hadharani na wakaomba watu waanze upya. Mradi unaosema hivyo kwa watu wake naukabidhi prosesa yangu bila wasiwasi.

Ushauri wa haraka: kazi zina tarehe ya mwisho. Usiombe mzigo wa wiki mbili kwenye seva utakayoiondoa Ijumaa.

3. Folding@home: mwaka 2020, mtaa mzima ulitoka nje

Protini ni uzi unaojikunja mpaka upate umbo lake, na umbo ndilo linaloamua dawa itashika wapi. Kuigiza mkunjo huo kwenye kompyuta ni kazi nzito kweli. Vijay Pande aliianzisha Folding@home Stanford mwaka 2000. Siku hizi inaongozwa na Greg Bowman. Korona ilipoingia, Machi 2020, waliojitolea walifurika kiasi kwamba vipande viliisha na mashine zikawa zinapanga foleni kuomba kazi. Foleni ya kuomba kazi ya bure, jamani! Kwa hesabu ya mradi wenyewe, nguvu ilipita eksaflopu moja, yaani hesabu bilioni bilioni kwa sekunde, miaka miwili kabla ya kompyuta kubwa ya Frontier ya Marekani kutangazwa kufika hapo. Matokeo walitoa bure kwa yeyote.

Ina programu yake, haipitii BOINC, na inang'ara zaidi penye kadi ya grafiki. Seva yako ikiwa haina, bado itapokelewa, ila kwa mwendo wa taratibu. Wenye prosesa tupu wana ndugu wa karibu, Rosetta@home ya Chuo Kikuu cha Washington, iliyotoka katika maabara ya David Baker, mshindi mwenza wa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2024.

2. World Community Grid: mvua ya kwetu, kwa kilomita moja moja

IBM iliuanzisha mwaka 2004, na mwaka 2021 ukakabidhiwa Taasisi ya Utafiti ya Krembil, Toronto. Chini ya mwavuli huu kuna miradi mingi ya afya, ukiwemo ule wa kutafuta alama za saratani, Mapping Cancer Markers. Lakini ulionishika mimi ni wa mvua. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, chini ya Nick van de Giesen, kilianza kuigiza mvua za Afrika kusini mwa Sahara kwa mwaka mzima, kwa miraba ya kilomita moja.

Kilomita moja ni jambo kubwa. Mvua zetu nyingi ni za wingu moja linalopanda mchana na kumwaga alasiri: Kimara inanyesha, Ubungo vumbi. Ramani ya utabiri yenye miraba ya makumi ya kilomita haiwezi kuliona wingu kama hilo. Linapita katikati ya mraba. Ukitaka kuliona lazima upunguze mraba, na kila unapoupunguza hesabu inavimba mara nyingi zaidi. Hapo ndipo kompyuta za watu zinapoingia. Matokeo hulinganishwa na vipimo vya setilaiti na vya vituo vya ardhini vya TAHMO, mtandao wa vituo vya hali ya hewa wa Afrika wenye makao yake Nairobi, ambao vituo vyake vingi vimewekwa kwenye shule. Mwalimu mwenye kituo cha TAHMO uani kwake ameshiriki hesabu hii, na sijui kama kuna aliyemshukuru. Asante, mwalimu.

1. Ile iliyo yetu

Mwaka 2006 CERN ya Geneva, Taasisi ya Tiba za Tropiki ya Uswisi iliyoko Basel na wenzao walifungua Africa@home, na mradi wake wa kwanza ulikuwa malariacontrol.net. Kazi yake: kuigiza malaria kijijini kwa kompyuta. Mtu mmoja mmoja, mtoto na mkubwa, nani ameumwa na mbu, nani ana kinga, nani amelala ndani ya chandarua, hatua moja kila siku tano, kwa miaka. Kisha unabadilisha kitu kimoja, chanjo au dawa, na kuanza tena. Kwa kuwa bahati ina nafasi kubwa katika kuumwa na mbu, kila swali lazima lirudiwe mara nyingi sana. Hesabu ya namna hii imezaliwa kwa ajili ya kugawanywa.

Na data? Kati ya zilizotumika kuupima mfano huo zimo za Namawala na Idete, vijiji vya bonde la Kilombero, ambako wataalamu wa Ifakara wamewahesabu mbu na kuwapima watu kwa miongo mingi. Taasisi hiyo ya Uswisi ilifungua maabara Ifakara tangu miaka ya 1950, na maabara hiyo ndiyo leo Taasisi ya Afya ya Ifakara. Kwa maneno mengine, mbu aliyenaswa Kilombero alisafiri hadi Basel akiwa namba, akakatwa vipande, akaingia kwenye kompyuta za watu wasiomjua mbu huyo wala kijiji chake, wakamkesha usiku kucha kwa umeme wao. Nikilifikiria hilo nawapenda watu hao. Halafu najiuliza: seva zetu zilikuwa wapi?

Mradi ule umekwisha fungwa. Kwa hiyo kileleni naiweka kazi ambayo ningependa kuiona ikizaliwa: mradi wa hesabu za hiari wenye makao hapa kwetu, swali likiulizwa hapa na majibu yakipokewa hapa. Hakuna cha kununua kwa mamilioni. Programu ya BOINC ya upande wa kugawa kazi ni ya bure na huria. OpenMalaria, mfano wenyewe wa malaria, nao umewekwa wazi, fundi yeyote anaweza kuupakua akausoma mstari kwa mstari. Kinachohitajika ni seva moja ya kugawia vipande, mtandao usiokatika kila mvua ikinyesha, mwanasayansi mwenye swali linalokatika vipande, na mtu mmoja mvumilivu wa kujibu barua za wanaojitolea, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine.

Maswali kwetu si haba. Malaria bado ipo. Magonjwa ya batobato na michirizi kahawia yanaendelea kula mihogo, na jinsi nzi weupe wanavyoyasambaza kutoka shamba hadi shamba ni hesabu ya aina ile ile ya mtu mmoja mmoja, siku baada ya siku. Ifakara wana maswali, Muhimbili wanayo, Sokoine pale Morogoro wanayo, Makerere na Nairobi vilevile. Watakaotangulia watutangazie anwani ya mradi. Ruhusa za mabosi tutakuwa tumeshaziomba, na tutajiunga siku hiyo hiyo.